Kwa Rahma, Anayekwenda Kutengeneza Klachi za Milimani

Mwanangu Rahma,

Wewe na mama yako mmekwenda madukani Al Barsha kutafuta soksi za sufu, nami nimebaki mezani na kikombe cha chai iliyopoa. Nimechoka, mama. Uchovu huu haukuanza leo. Umekuja kidogo kidogo na sasa umehamia kabisa. Lakini ndege yako ni alfajiri, na nikingoja nipumzike kwanza, sitaandika.

Mambo ya pasipoti, dawa ya kikohozi na makoti, mama yako ameshayasema, na atayasema tena njiani kwenda uwanja wa ndege. Mimi siyagusi. Wala sitakuandikia kwamba maisha ni kama klachi. Klachi ni klachi. Ninayotaka kukwambia yanataka utulivu, na kusema kwa mdomo kumekuwa kazi kwangu, maana sijui tena kama nanong'ona au napiga kelele. Mara ya mwisho nilipojaribu kukwambia jambo la siri pale sebuleni, jirani wa ghorofa ya juu alinipa pole asubuhi yake.

Unajua nilivyoingia kwenye kazi hii, ila umesimuliwa sehemu nzuri tu. Nilikuwa fundi wa malori. Arbab, tajiri wetu, alipoanza biashara ya kupeleka watalii jangwani kwa vile vigari vya mchanga tunavyoviita bagi, aliniita akanionesha kimoja kimefunguliwa ubavuni. Nikatafuta giaboksi, sikuiona. Niliona puli mbili na mkanda mpana wa mpira katikati yake. Nikacheka. Nikamwambia, "Arbab, hii ni cherehani."

Cherehani ile, ndiyo hii klachi yetu, ilinitia adabu. Wewe umeijua tangu udogoni, kwa hiyo huwezi kukumbuka wakati ilipokuwa kitu kigeni kwako, lakini mimi nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu na sikuelewa kitu. Puli ya mbele, ile ya injini, ina vyuma vidogo vya uzito ndani yake. Injini ikizunguka kwa kasi, vyuma hutupwa nje, vikaubana mkanda na kuupandisha, na gari likazidi mbio. Puli ya nyuma ina springi inayovuta kinyume, ili gari likikutana na mlima mkanda urudi upesi na nguvu ipatikane. Ukiweka vyuma vizito mno, injini inakabwa kabla haijafika kwenye nguvu zake. Ukiweka vyepesi mno, inapiga kelele nyingi na gari halisogei.

Miaka ya mwanzo nilikuwa mtu wa vyuma vizito. Wateja walitaka mbio kwenye tambarare, nami nilitaka wateja wanisifu. Tukifika kwenye vilima vya mchanga laini, mikanda inaungua. Nikabadilisha mikanda. Nikabadilisha springi. Nikamlaumu aliyetuuzia mikanda. Mutiso ndiye aliyekuwa akikwama na hizo bagi. Wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ameacha kazi ya ulinzi kwenye duka kubwa na kuja kwetu kuwa dereva. Siku moja alirudi mchanga umemjaa mpaka kwenye nyusi, akaniambia, "Mzee Masoud, hii gari inataka kupanda. Ni wewe unaikataza."

Nilimjibu vibaya. Alipoondoka nikaifungua puli, nikapunguza uzito, na kesho yake akapanda kilima kilekile kilichokuwa kimemshinda. Hakunikumbusha nilivyomjibu. Aliniletea paratha na chai ya maziwa, akakaa kwenye tairi, tukala. Tangu hapo nikaacha kubahatisha, nikaanza kusikiliza.

Hapo ndipo nilipokuwa fundi, na hapo pia ndipo nilipoanza kuharibika.

Klachi ikiwa imekaa sawa, injini inashika sauti moja kutoka chini ya kilima hadi juu. Sauti ikizama, vyuma ni vizito. Ikiruka juu ghafla, mkanda unateleza. Nilikuwa naweza kukaa nyuma ya Mutiso, nimefumba macho, nikakwambia ni puli ipi ina shida. Watu walitoka mpaka Abu Dhabi kuja kunitafuta. Na kwa kuwa masikio ndiyo yaliyokuwa yananilisha, sikuyafunika hata siku moja. Wenzangu waliovaa vifuniko niliwacheka, nikisema wamejitanda kama bibi harusi. Bomba la moshi liko sentimita chache kutoka kisogoni, injini inanguruma mchana kutwa, nami nimejiegemeza hapo nikisikiliza kwa raha zangu.

Cha kwanza kupotea kilikuwa adhana ya alfajiri. Nikadhani muadhini anaumwa. Nikataka hata kwenda kumwangalia. Baadaye zikapotea sauti za ndege, kisha kengele ya mlango, kisha wanawake na watoto, kwa maana sauti nyembamba ndizo zinazotangulia. Nikaanza kujibu kila kitu kwa neno moja, inshallah. Mteja ananiuliza kama breki ni mbovu, inshallah. Arbab ananiuliza jina la yule dereva mpya, inshallah. Mji huu ni mzuri kwa kiziwi, Rahma. Neno moja linakufikisha mbali sana.

Wewe ulijua kabla ya wote. Ulipomaliza chuo ukaja kufanya kazi nasi, ukawa unakaa kiti cha pili kila nilipotoa bagi kuijaribu. Siku moja, katikati ya mlima, ulinigusa goti mara moja. Nikakutazama. Ukaonesha chini kwa kidole, kwamba sauti imezama. Siku iliyofuata ukanigusa mara mbili, sauti imepanda. Ikawa desturi yetu, mguso mmoja chini, miwili juu, na wateja wakaendelea kuja kutoka Abu Dhabi, wakisema Masoud bado ni yuleyule. Sikukushukuru. Nilidhani nikikushukuru, jambo lenyewe litakuwa kweli.

Kisha ikaja ile siku ulipokwenda kutoa jino. Mteja alikuwa na haraka, nami nikaona aibu kusema sitoki bila binti yangu. Nikatoka peke yangu, Mutiso akafuata kwa gari la kubebea mizigo. Yaliyotokea mengine uliambiwa, lakini nataka uyasikie kwangu. Nilikuwa nimefurahi. Hewa ilikuwa safi, kilima kikaja vizuri, nikakanyaga mafuta. Sikusikia mkanda ukilia. Sikusikia Mutiso akipiga honi, na alipiga mpaka mkono ukamuuma. Nilichokijua kwanza ni joto mgongoni, kama mtu amenifungulia mlango wa oveni. Nilipogeuka, moto ulikuwa umeshapanda kwenye kiti cha nyuma. Mkanda wa kiti ukagoma kufunguka. Mutiso alikuja akikimbia kwenye mchanga ule unaomeza miguu, akaukata kwa kisu chake cha kumenyea machungwa, akanivuta kwa kola. Tulikaa chini tukaitazama bagi ikiteketea. Alikuwa anasema, anasema, midomo inakwenda, na mimi sikuambulia hata neno. Hapo ndipo na yeye akajua. Akanishika mkono, tukakaa hivyo mpaka arbab akaja.

Arbab aliniita kwa nyuma. Sikugeuka. Akaniita tena na tena. Baadaye aliniambia kwamba kuitazama ile bagi hakukumuuma kama kuniita mara tatu na kuona kisogo changu tu.

Na nyumbani, mama yako. Wewe ulikuwa chumbani na shavu lako limevimba, kwa hiyo hili hulijui. Nilimweleza yote, kwamba masikio yamekwisha siku nyingi. Nilidhani atalia, au atanisema kwa kumficha. Alikaa kitandani, akanigeuza uso nimtazame, akasema polepole ili nisome midomo, "Muda wote huu nakusemesha, unaniitikia inshallah. Mimi nilidhani umenichoka."

Mwanangu, nimeungua moto na sikuumia kama nilivyoumizwa na maneno yale. Kumbe kila usiku alikuwa akinihadithia mambo yake, nami nimelala nimempa mgongo, naye anahesabu kwamba hiyo ndiyo hali ya ndoa yake. Hili ndilo ninalokupa, kama kuna kitu nakupa. Ukiishiwa na kitu, masikio, pesa, moyo, waambie walio karibu nawe. Usiwaache wakisie, maana watu wakikisia hukisia lililo baya zaidi, na watalibeba peke yao.

Tulikwenda kliniki ya masikio Al Jaddaf. Nikavalishwa vidude vya kusikilizia, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Mimi nikawa nautazama mkono wa daktari, nikibonyeza kila anaposogeza kidole. Akanigeuza nikatazama ukuta. Ikawa mwisho wa ujanja. Mashine walizonipa zinanisaidia nikiwa chumbani na mtu mmoja. Kwenye gereji zinafanya kila kitu kuwa mlio wa kokoto.

Ukawa masikio yangu waziwazi, na gereji yote ikakubali. Sitasema sikupenda. Nilipenda sana. Nilikuwa na kazi yangu na nilikuwa na mwanangu kiti cha pili. Mzee gani hapa Rashidiya ana hivyo vyote? Nilipenda kiasi kwamba sikujiuliza wewe unapenda nini. Picha zile za milima kwenye simu yako, pikipiki za theluji zinapanda na kutupa unga mweupe, nilidhani unazitazama kwa kuburudika kama watu wanavyotazama mpira.

Mpaka siku Mutiso alipokuja, akasogeza uso wake karibu na wangu, akapiga kelele gereji nzima ikageuka: "Mzee! Rahma alipata kazi Kanada! Mashine za theluji! Amekataa!"

Nilikuja kukuuliza. Ulikuwa umelala chini ya bagi, miguu tu inaonekana. Nikasema, "Kwa nini umekataa?" Ukatoka, ukafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Ukanitazama ili nisome vizuri. "Baba," ukasema, "nani atakusikilizia?"

Nilirudi nyumbani, mama yako naye akaniambia ni afadhali umekataa, binti wa watu peke yake kwenye barafu, nani atamwangalia, ataolewa lini. Nikakubali kwa kichwa. Lakini sahani niliisogeza pembeni. Nilikuwa nawaza kwamba mtu wa umri wako amejifunga kwenye kiti cha pili kwa sababu yangu, na mimi nimemfunga kwa kukaa kimya tu.

Kiangazi kile wewe ulidhani naamka mapema kwa ajili ya kutembea, kama daktari alivyoshauri. Nilikuwa jangwani na Mutiso. Watalii hawaji wakati wa joto, bagi zimelala, na arbab alitupatia moja akasema, "Yalla, ichukueni, lakini hii msiichome." Nilitaka kujifunza klachi upya bila masikio. Nilichora mistari ya kalamu nene kwenye uso wa puli, napanda kilima, nashuka, nafungua, natazama mkanda umefuta mstari mpaka wapi. Kama haukufika juu, najua vyuma ni vyepesi. Baada ya kila mlima naweka kiganja kwenye puli. Ikiwa moto kiasi cha kutoshikika, mkanda umeteleza. Na sauti niliitafuta kwa makalio, samahani, na kwa nyayo, na kwa kuutazama mshale wa mizunguko ya injini badala ya kuutazama mchanga. Ni kazi ya kuchosha. Aliyezaliwa na masikio hajui jinsi yanavyomfanyia kazi bure. Nilikuwa nikirudi nyumbani, nalala kabla ya chakula cha mchana.

Nilishindwa sana. Niliunguza mikanda kama mwanafunzi. Mara moja nilikwama pua juu, nusu ya kilima, bagi ikaanza kurudi kinyumenyume, na Mutiso kule chini akakimbia akiomba Mungu kwa Kikamba. Alipotulia akaniuliza, "Mzee, kwani lazima?" Nikamwambia lazima. Hakuniuliza tena.

Joto lilipoanza kupungua nikakuchukua. Nilikuambia tunakwenda kujaribu springi mpya. Kisha nikakupa vifuniko vya masikio, vinene, nikasema vaa, na mikono uikalie. Uliyaona macho yangu ukavaa. Vyuma nilichagua mwenyewe, springi nilifunga mwenyewe, wewe hukugusa hata boliti moja. Tukasimama chini ya kile kilima kirefu.

Tulipanda. Mshale ulisimama mahali pake kana kwamba umepigwa msumari. Pale kwenye mchanga laini karibu na kileleni, panapoangusha watu, nilihisi injini inataka kuzama, kisha springi ikaurudisha mkanda, na bagi ikajivuta yenyewe mpaka juu. Nilizima. Ulivua vifuniko, ukageuka upande wa pili, ukasema kitu. Sikukiona. Nikakujibu inshallah. Ukacheka mpaka ukalia, au ulilia mpaka ukacheka, sikujua kipi kilitangulia, na sikukuomba urudie.

Usiku uleule uliwaandikia watu wa Kanada tena, na nafasi ilikuwa bado ipo. Mama yako alinuna wiki nzima. Kisha nikamkuta anakufundisha kupika pilau kwa chungu kimoja, nikajua ameshakubali.

Sasa lililobaki, ambalo ndilo hasa limenikalisha hapa. Uliona nikipanda kilima kimoja, asubuhi moja, nikiwa nimejiandaa kiangazi kizima. Ni kweli naweza. Lakini siwezi kila siku, mteja baada ya mteja, mwaka baada ya mwaka. Umakini ule unanimaliza. Nimezungumza na arbab. Kuanzia mwezi ujao sitoi tena bagi kuzijaribu. Nitakaa kwenye meza ya ufundi, nisafishe puli, nipange vyuma, nifunge klachi. Mutiso atazijaribu na kuniletea habari. Arbab alisema, "Khalas, basi, Masoud, kiti chako kipo mpaka wewe mwenyewe ukichoke." Nimekubali bila kulazimishwa. Sitaki ulisikie kwa Mutiso, unajua anavyopeleka habari, ukaanza kutafuta tiketi ya kurudi. Sikukudanganya pale kilimani. Nilitaka uione ile nguvu niliyo nayo, ili usiondoke ukidhani umemwacha mtu aliyeanguka. Lakini nataka uondoke ukiujua na uchovu pia, ili usije ukasema nilikuficha. Ukirudi, rudi kwa sababu umetukumbuka. Kwa masikio yangu, usirudi.

Kuhusu kazi yenyewe huko, wewe ndiye utakayenifundisha. Nimesoma kwamba juu milimani hewa ni nyepesi na injini inakosa pumzi, kwa hiyo vyuma vinapunguzwa kadiri unavyopanda. Theluji laini inaelekea ina tabia za mchanga laini, inakunywa nguvu na haishukuru. Watakupima. Watakuona binti mwenye mtandio aliyetoka kwenye joto, watadhani umepotea njia. Usishindane nao kwa mdomo. Usilolijua, sema hulijui, hata mbele ya anayetaka ulikosee. Funga, jaribu, weka kiganja kwenye puli, fungua tena. Na ufunike masikio, Rahma. Hata kama ni mashine moja, dakika moja, mtu anakungoja. Funika.

Mama yako hatalala leo, atazunguka jikoni. Mvumilie. Asubuhi nitabeba begi lako mpaka kwenye lifti na utaniacha nilibebe, hata kama wewe una nguvu kuliko mimi.

Ukifika, upige simu ya picha, kwa ile programu inayofanya kazi huku kwetu. Kaa uso wako uelekee dirishani, mwanga ukupige, na ushushe kola ya koti nione midomo yako. Usipige kelele, kelele hazinisaidii, zinawaamsha majirani. Sema polepole, kama unavyosema kawaida, mambo yako yote, hata ya upuuzi, hata uliyokula. Mama yako atakaa ubavuni kwangu. Nisipoelewa nitasema sijaelewa, nawe utarudia. Nimeshamwahidi yeye hivyo, na tangu nimwahidi amerudi kunihadithia mambo yake ya usiku, taa ikiwa imewashwa, nami nimemgeukia.

Nakuombea njia nyeupe na mikono isiyokufa ganzi.

Baba yako,
Masoud